Vivutio vya ajabu ukiwa nje kwa viza ya kazi na likizo: namna ya kuvipata bila kupoteza kibarua

Mtu akishapata viza ya kazi na likizo, iwe ya Australia, New Zealand, Kanada, Japani au ile ya vijana ya Uingereza, kitu cha kwanza anaandika listi ya sehemu maarufu, na listi za watu wote zinafanana kama zimetoka kwenye fotokopi moja. Opera ya Sydney, mlima Fuji, Niagara, Big Ben. Sawa, nenda kaone, hamna atakayekukataza. Ila hizo hata mtalii wa siku kumi anaziona, tena akiwa na hela kuliko wewe. Wewe una kitu ambacho yeye hana, muda, na tena muda wa kukaa kwenye vimji ambavyo basi la watalii linapita tu bila kushusha mtu, kwasababu huko ndiko kazi za msimu zilipo. Na vituko vingi viko huko huko. Kimji kikishakuwa na matunda na barabara kuu ila hamna anayesimama, wanajenga embe la mita kumi pembeni ya barabara ili watu wasimame, ndio ilivyo.

Kwahiyo hapa tunaenda kinyume na walivyozoea wengi: kazi kwanza, kivutio kinaifuata kazi.

Hatua ya 1: Jua kazi itakuweka wapi na mwezi gani

Kazi za msimu zina kalenda na haiyumbi sana. New Zealand, cheri za Central Otago, yaani Cromwell na Alexandra, zinachumwa Desemba na Januari. Tufaha za Hawke's Bay upande wa Hastings ni Februari mpaka Aprili hivi, matunda ya kiwi ya Te Puke yanaanza Machi na mabanda ya kupaki yanaendelea mpaka Juni. Kanada, cheri za bonde la Okanagan ni kuanzia mwisho wa Juni mpaka Agosti. Maembe ya Bowen kule kaskazini mwa Queensland ni Novemba mpaka Januari. Kazi za skii za Whistler na Banff kule Kanada, au Hakuba na Niseko kule Japani, ni Desemba mpaka Machi, zingine zinagusa Aprili.

Kwa Australia kuna jambo la ziada, wenye pasi za nchi nyingi wakitaka mwaka wa pili lazima wafanye siku 88 za kazi maalum mikoani, na mwaka wa tatu ni miezi 6 ya kazi hizo. Watu wengi wanazihesabu hizo siku kwa kinyongo, wanaona wanazimaliza tu waende kula maisha mjini. Mimi nasema hizo siku 88 ndio safari yenyewe, ukizipanga vizuri. Na kumbuka sio kuchuma matunda tu, kazi za hoteli, baa na utalii kwenye maeneo ya mbali sana nazo zinahesabika, kwahiyo unaweza ukachagua mji kwa sababu ya kituko chake alafu ukatafuta kazi hapo hapo. Masharti yanabadilika badilika, so kabla hujasaini chochote soma tovuti ya uhamiaji ya nchi husika, usisikilize stori za jikoni hosteli.

Hatua ya 2: Weka pini unapolala, tafuta ndani ya masaa mawili

Fungua ramani kwenye simu, weka pini pale hosteli au kambi ya wafanyakazi, angalia mwendo wa masaa mawili kwa gari kila upande. Zaidi ya hapo siku moja ya ofu haitoshi, utarudi usiku, alafu kesho saa kumi na moja alfajiri gari la shamba linapiga honi.

Ndani ya hilo duara unatafuta vitu vitatu. Vibao vya kahawia barabarani, maana Australia, New Zealand na Uingereza ndio rangi ya vibao vya utalii na vingine vinaelekeza vitu ambavyo hata mtandaoni havitajwi sana. Ofisi ya taarifa za wageni ya mji, ambayo kwenye vimji vidogo inakaliwa na wazee wanaojitolea na wanapenda kuongea, mwulize swali moja tu, "mgeni wako akija unampeleka wapi?" alafu nyamaza umsikilize. Na tovuti ya Atlas Obscura ina ramani ya vitu vya hivi, vingi vimeletwa na wasomaji, ila angalia taarifa ni ya lini, kuna sehemu zimefungwa siku nyingi.

Sasa mifano, maana hapa ndio pana nyama.

Kerikeri, kaskazini kabisa mwa New Zealand, watu wanaenda kufanya kazi za kiwi na machungwa. Ukiendesha nusu saa hivi kwenda kusini unafika Kawakawa, mji mdogo ambao kivutio chake kikubwa ni choo cha umma. Sio utani. Kilibuniwa na Friedensreich Hundertwasser, msanii wa Austria aliyehamia maeneo yale, kikafunguliwa 1999, na yeye akafariki mwaka uliofuata. Jamaa alikuwa na ugomvi na mstari ulionyooka, kwahiyo mle ndani vigae vimebandikwa vimepinda pinda, nguzo za mbele zimevimba vimba kila moja na rangi yake, ukuta mmoja una chupa za vioo ili mwanga wa nje uingie na rangi, kwenye paa yameoteshwa majani na kuna mti ulio hai umeachwa ndani ya jengo. Bure kabisa. Na bado ni choo, kinafanya kazi, watu wanaingia wakiwa na shida zao, kwahiyo kabla hujatoa simu chungulia kwanza kama kuna mtu anajisitiri. Ukitoka nje cheki na reli, treni ya kizamani inapita katikati kabisa ya barabara kuu ya mji.

Ukiwa kwenye tufaha za Hastings, teremka kusini mpaka karibu na Porangahau kuna kilima ambacho jina lake linaanza na Taumatawhakatangihanga na linaendelea, linaendelea, mpaka herufi 85. Kilima chenyewe ni mita 305 tu na kipo kwenye ardhi ya mtu, hutakiwi kujipandia tu. Watu wanaenda kwa ajili ya kibao. Ni kibao kirefu mpaka inabidi urudi nyuma ndio kiingie chote kwenye picha. Je inafaa kupoteza ofu nzima kwa kibao? Peke yake hapana, lakini ukiunganisha na beach za huko chini siku inaenda vizuri.

Okanagan, upande wa Osoyoos, kuna ziwa la madoa. Wenyeji wa asili wa pale, watu wa Syilx, wanaliita Kłlilx'w na kwao ni sehemu takatifu ya tiba. Maji yana chumvi chumvi za madini mengi, salfeti ya magnesiamu na nyinginezo, sasa jua la kiangazi likishakausha maji yanabaki madimbwi ya duara moja moja, mengine ya kijani, mengine ya manjano, mengine kama maziwa, na kati yake ukoko mgumu. Uzuri ni kwamba madoa yanatokea kiangazi, yaani wakati ule ule wa cheri, hujipangi chochote. Unaliangalia kutoka kwenye uzio pembeni ya barabara kuu namba 3. Mwaka 2001 hiyo ardhi ilinunuliwa kwa ajili ya Syilx baada ya miaka mingi ya kuidai, kwahiyo ule uzio haupo kwa ajili ya mapambo, usiuruke.

Bowen kuna lile embe, lipo toka 2002. Februari 2014 likapotea usiku, vyombo vya habari vya nchi nyingi vikaandika wizi wa embe la tani kadhaa, kumbe ilikuwa kiki ya matangazo ya mgahawa wa kuku. Australia ina mavitu makubwa ya hivi nchi nzima, ndizi ya Coffs Harbour ya 1964, nanasi la Queensland la 1971, kamba mkubwa wa Kingston wa 1979, kondoo dume wa Goulburn wa 1985 mwenye urefu wa mita 15. Wengine wanaona ni ushamba. Mi naona ni njia nzuri ya kupima safari, unakula kilomita mia nne za majani makavu alafu ghafla kamba wa ghorofa tano.

Mashamba ya zabibu ya Coonawarra, South Australia, yako jirani na Mount Gambier, na huo mji una vitu viwili. Ziwa la volkeno ambalo majira ya baridi ni la kijivu alafu kuanzia Novemba hivi linageuka bluu kali kabisa mpaka mtu unahisi picha imetiwa filta, na linabaki hivyo mpaka karibu Machi. Na shimo kubwa la ardhi iliyobomoka, Umpherston, ambalo miaka ya 1880 mwenye shamba aliligeuza bustani, sasa ukishuka ngazi uko chini ya ardhi katikati ya maua. Nenda jioni, giza likianza kuingia posamu, vinyama vya usiku, wanatoka kwenye mapango.

Wa Whistler, mnaoosha vyombo na kufungisha watu viatu vya skii, nyie mna mabehewa. Mwaka 1956 treni ya mizigo iliacha njia kusini mwa mji, mabehewa kadhaa wakayavutia msituni wakayaacha, yako pale mpaka leo yamechorwa grafiti kila inchi katikati ya miti mikubwa. Zamani watu walikuwa wanapita kwenye reli, jambo ambalo ni kosa na ni hatari, mwaka 2016 likajengwa daraja la kuning'inia juu ya mto, so pita hapo. Hulipi kitu.

Hatua ya 3: Usidanganywe na siku ya mvua

Hii watu hawaifikirii mpaka iwakute. Kazi ya shambani ofu yako haipangwi na wewe, inapangwa na mawingu. Cheri zikilowa hazichumwi, bosi anatuma meseji saa kumi na moja asubuhi, leo hamna kazi, na hosteli nzima inaamka inataka kutoka. Sasa shida, vivutio vingi vya mikoani vinafikika kwa barabara ya vumbi, na barabara ya vumbi ikinyeshewa inafungwa.

Mfano mzuri ni Mungo, hifadhi ya Australia iliyoko kama kilomita 110 kutoka Mildura, mji ambao umejaa wachumaji wa zabibu na machungwa. Ni ziwa lililokauka maelfu ya miaka iliyopita, upepo umechonga kuta za mchanga na udongo, na hapo ndipo mwaka 1968 yakapatikana mabaki ya mwanamke na 1974 ya mwanaume, watu waliozikwa kama miaka 40,000 iliyopita. Ukitaka kutembea kwenye zile kuta zenyewe lazima uende na mwongozaji mwenyeji, vinginevyo unaishia kwenye ngazi ya mbao ya kuangalilia. Sehemu nzito sana, kwangu mimi inaipita miamba mingi maarufu. Lakini mvua ikinyesha udongo wa ile njia unakuwa utelezi mtupu na njia inafungwa, kwahiyo siku uliyopewa ofu ya mvua ndio siku huwezi kwenda!

Dawa yake ni kuwa na listi mbili. Ya jua, weka Mungo, kuta, maziwa, majangwa. Ya mvua, weka vitu vyenye lami mpaka mlangoni na paa juu, kama choo cha Kawakawa au makumbusho ya ajabu ajabu. Mapango yanaonekana kama ni ya listi ya mvua, angalia vizuri hapo. Yale ya Waitomo, New Zealand, unapanda boti na mwongozaji, na wenyewe wanajua maji yakizidi, yale ya Waipu kule Northland ambayo ni ya bure na unajiingilia mwenyewe yana kijito ndani, mvua kubwa ikinyesha usiingie. Kote kuwili unaona vibuu vinavyong'aa, kisayansi Arachnocampa luminosa, vinashusha nyuzi za ute unaonata alafu vinawasha taa ya bluu kijani kuvutia wadudu. Zima tochi, kaa kimya dakika chache, dari linakuwa nyota. Ukipiga kelele au kuvimulika vinazima.

Hatua ya 4: Uliza saa, sio mwezi tu

Kuna vivutio ukikosea masaa mawili umekosa kabisa. Hot Water Beach, rasi ya Coromandel kule New Zealand, unachimba shimo mchangani na maji ya moto yanatoka chini, unakaa. Inawezekana masaa mawili kabla na mawili baada ya maji kupwa, basi, maji yakijaa hamna kitu ni bahari tu. Cheki jedwali la maji kupwa na kujaa siku moja kabla, nenda na sepeto, maduka ya pale yanakodisha. Na pima na kidole cha mguu kwanza, sehemu nyingine maji yanafika nyuzi 64 na watu wanaungua. Mbele yake mkondo ni mkali, usiingie kuogelea ukidhani umefika spa.

Vingine ni wiki. Narcisse, kaskazini mwa Winnipeg kule Kanada, mwisho wa Aprili mpaka katikati ya Mei nyoka makumi elfu wanatoka mashimoni walikolala majira ya baridi na kuanza kupandana. Ni nyoka wadogo wasio na madhara kwa mtu, jike mmoja anazongwa na madume mpaka inakuwa donge linajiviringisha, na ukinyamaza unasikia majani makavu yanachakarika kila upande. Kama unaogopa nyoka usijilazimishe, na kama huogopi panga ofu zako mapema kabisa maana wiki hizo haziongezwi. Chini ya barabara wamejengewa vitunnel wasigongwe na magari.

Bundaberg, Queensland, mji wa stroberi na viazi vitamu, una Mon Repos. Kasa wanapanda kutaga kuanzia Novemba, Januari mpaka Machi vitoto vinatoka. Unaingia usiku na walinzi wa hifadhi tu, tiketi zinakatwa mapema na zinaisha. Usivae kama unaenda klabu, mnaweza kukaa masaa mnasubiri kasa mmoja, kasa hana ratiba ya mtu.

Jigokudani, Nagano kule Japani, karibu na sehemu za skii za Nozawa na Shiga Kogen, nyani wanaoga kwenye maji ya moto. Wanaoga zaidi baridi ikiwa kali, kwahiyo anayefanya kazi za skii ndio amepata msimu wenyewe. Unatembea kilomita 1.6 msituni kwenye theluji iliyoshindiliwa, inateleza. Ni nyani wa porini, hawafungwi, kuna siku hawashuki kabisa, cheki kamera yao mtandaoni kabla ya kupanda basi. Usiwaoneshe chakula wala kuwakazia macho.

Hatua ya 5: Gari na makaratasi yake

Wengi mnachanga petroli na mwenye gari, vizuri, ila kubalianeni kabla ya kuondoka nani analipa nini tairi likipasuka. Mkikodi gari someni mkataba, kampuni nyingi za kukodisha haziruhusu barabara zisizo na lami, ukiingia huko na likakwama bima inakuwa haipo na mtadaiwa gari zima. Mungo na nusu ya vitu vya hivi viko kwenye vumbi.

Australia usiendeshe alfajiri wala magharibi kama unaweza kuepuka, ndio saa za kangaruu. Beba maji, jaza tenki kila unapoona kituo hata kama lina nusu, pakua ramani kabla maana mtandao hamna. Namba za dharura ni 000 Australia, 111 New Zealand, 911 Kanada, 999 Uingereza, Japani 110 polisi na 119 zimamoto na ambulensi.

Kitu kingine ambacho wachumaji wanakamatwa nacho kirahisi ni matunda yenyewe. Umetoka shambani Mildura na mfuko wa machungwa ya bure kwenye buti, unaenda Adelaide, ukiingia South Australia kuna kizuizi cha ukaguzi cha Yamba, matunda hayapiti kwasababu ya inzi wa matunda, na faini wanatoa kweli. Kula yote kabla au tupa kwenye mapipa yaliyowekwa njiani. New Zealand nao kwenye misitu ya kauri, miti mikubwa ya huko, kuna vituo vya kusugua viatu, sugua, udongo wa viatu unabeba ugonjwa unaoua miti yenye umri wa mamia ya miaka.

Hatua ya 6: Vile vinavyogusa mwili, soma bima kwanza

Cooper's Hill, Gloucestershire kule Uingereza, mwisho wa Mei kwenye sikukuu ya benki, yaani siku ya mapumziko ya nchi nzima, wanabingirisha jibini kilo tatu nne hivi kwenye mteremko ambao hata kusimama ni shida, na watu wanalikimbiza. Kila mwaka kuna wanaotolewa wamevunjika. Ukiwa unaishi kwa kazi ya mikono, mkono ukivunjika ni kodi ya nyumba hiyo, na bima nyingi za safari hazigusi mambo ya hivi. Angalia tu, kuangalia ni bure na kuna raha yake.

Ukitaka kushiriki kitu, nenda Llanwrtyd Wells, Wales, sikukuu ya benki ya Agosti. Toka 1985 wanaogelea kwenye mtaro wa kama mita 55 uliochimbwa kwenye bwawa la matope, unaenda na kurudi, na barakoa na bomba la kupumulia, bila mitindo ya kawaida ya kuogelea. Unatoka unanuka wiki nzima lakini mzima.

Alafu kuna Dawson City, Yukon kule Kanada, mji wa dhahabu wa zamani ambao hoteli zake kiangazi zinaajiri watu wa msimu. Kuna baa inayoendeleza mchezo ulioanza 1973, inatumbukiza kidole cha mguu cha binadamu kilichokaushwa kwenye glasi, sharti midomo yako ikiguse. 2013 kuna mtu alikimeza makusudi akalipa faini ya dola 500, wakaipandisha ikawa 2,500. Vidole vinatolewa na watu kwa hiari. Sina la kusema zaidi, mwenye tumbo lake anajijua.

Hatua ya 7: Adabu, hasa kwenye sehemu za watu

Kupanda Uluru, ule mwamba mkubwa mwekundu wa Australia, kulifungwa Oktoba 26, 2019, na kabla ya hapo wenyeji Anangu walishaomba miaka mingi watu wasipande. Bado utakutana na mtu hosteli anakwambia kuna njia. Achana naye.

Okunoshima, Japani, kisiwa cha sungura, watu wanapanda feri kutoka Tadanoumi na mifuko ya chakula, wanapiga picha sungura wamejaa miguuni, wanarudi. Kati ya 1929 na 1945 kisiwa hicho kilikuwa kiwanda cha siri cha gesi ya sumu na wafanyakazi wengi waliugua maisha yao yote. Kuna makumbusho madogo toka 1988 hatua chache kutoka kwenye sungura. Ingia, ni muda mfupi tu, alafu rudi kwa sungura ukiwa unajua umekanyaga wapi. Bila hiyo naona umeenda nusu.

Hatua ya 8: Safari ndefu weka kati ya kibarua na kibarua

Zile za mbali usizibane kwenye ofu. Msimu mmoja ukiisha na mwingine haujaanza una wiki mbili tatu, hapo ndio uende.

Coober Pedy, kama kilomita 850 kaskazini mwa Adelaide, mji wa opali, kito cha thamani, iliyogunduliwa 1915, joto la kiangazi linapita nyuzi 40 kwahiyo watu wengi wanaishi chini ya ardhi, na makanisa yako chini, na hoteli ziko chini. Lala chini angalau usiku mmoja, giza lake ni tofauti na giza la chumba cha kawaida, ukizima taa hujui jicho limefumba au limefumbuka. Uwanja wa gofu hauna nyasi na usiku wanacheza na mipira inayong'aa. Nje ya mji kuna mashimo ya migodi wazi maelfu, vibao vinakwambia usikimbie na usitembee kinyumenyume, na wanaopiga picha ndio wanaotembea kinyumenyume. Kuna eneo la wazi la kuchakura opali kwenye vifusi, unachookota ni chako, wengi wanatoka na vumbi. Usiende Januari kama hujazoea joto.

Unahamia Perth kutoka Adelaide kwa gari, au unarudi? Nullarbor, tambarare kame ya njiani, kuna uwanja wa gofu wa mashimo 18 uliotandazwa kilomita 1,365 kati ya Ceduna na Kalgoorlie, shimo moja moja kwenye vimji na vituo vya mafuta vya njiani. Hujui gofu? Haijalishi, inakulazimisha kushuka kwenye gari na kunyoosha miguu, na kwenye barabara ile hiyo ni usalama pia.

Kanada ukipanda barabara ya Alaska, Watson Lake kuna msitu wa vibao. Mwaka 1942 mwanajeshi wa Marekani Carl Lindley aliyekuwa anajenga ile barabara alikumbuka kwao akapigilia kibao cha mji wake, wapitaji wakaendelea, sasa vimepita elfu 80. Unaruhusiwa kuweka chako, kwahiyo kiandae kabla, mbao au bati lenye rangi inayohimili theluji, karatasi haifiki mwaka.

Na kama uko Uingereza kwa miaka yako miwili kuna Knaresborough, Yorkshire, kisima cha Mother Shipton, mtabiri wa kike wa hadithi za kale, kilichoanza kutoza wageni 1630. Maji yake yana madini mengi, wanatundika vitu vinageuka jiwe, dubu wa kitambaa miezi mitatu mpaka mitano hivi. Mtalii wa wiki moja anaona dubu wa jiwe tu. Wewe unaweza kwenda mwanzo wa msimu ukaona dubu bado laini linadondokwa na maji, ukarudi kazi ikiisha ukaone limefikia wapi. Angalia tu siku za kufungua kabla ya kukata tiketi ya treni, wakati wa baridi hapafunguliwi kila siku.